Jinsi Kijani Alivyompeleka Mwalimu Lokichar

Kila nikipita pale mashine ya kusaga Turbo, kuna mtu ananisimamisha kuniuliza kama ni kweli dada yangu aliendesha gari kwa kamba. Nimeeleza mara nyingi na kila mara nimekatizwa katikati, na sasa habari imeota miguu: wengine wanasema tulivutwa na punda. Hatukuvutwa na punda. Naandika yote hapa, kuanzia nyumbani hadi Lokichar na kurudi, ili anayetaka kucheka acheke akiwa na ukweli.

Kwa asiyetujua: mimi ni Wekesa. Shule niliiachia darasa la saba, si kwa kukosa karo, ila kwa kushindwa kukaa. Tangu hapo nimevunja mawe, nimekata maua Naivasha na kuuza miwani ya jua Malaba, na kila mahali nimeondoka siku nilipoanza kuwajua watu kwa majina. Dada yangu mkubwa, Nasimiyu, si kama mimi. Alimaliza chuo cha ualimu, kisha akangoja kuajiriwa miaka saba, akifundisha kwa kibarua katika shule za watu. Barua yake ilikuja Jumatatu. Amepata shule ya msingi mbele kidogo ya Lokichar, kule Turkana, na ni lazima aripoti kabla ofisi haijafungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Asipofika, nafasi anapewa anayemfuata kwenye orodha.

Mabasi yapo. Lakini marehemu Baba alikuwa amesema, na mbele ya watu, kwamba siku Nasimiyu atakapoitwa kazi hatapanda basi. Atapelekwa na Kijani. Kijani ni lile gari letu kubwa la dizeli, la rangi ya majani ya kunde, lililompeleka Nasimiyu shule ya bweni kila muhula. Baba hayupo sasa ni mwaka wa tatu. Mama alisema neno la Baba halikuzikwa naye. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Jumanne kwa bahati tu, na leseni ninayo. Kwa hiyo dereva akawa mimi.

Turbo hadi Eldoret

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa tumeshapakia. Godoro lilifungwa juu ya paa. Ndani kulikuwa na sanduku la bati, jiko la gesi, ndoo mbili, na gunia la mahindi, kwa sababu Mama hakutaka kusikia kwamba hata Lokichar kuna maduka. Aliweka kiganja kwenye boneti akaomba, sala ndefu hadi kuku wakarudi kulala chini ya gari. Aliposema amina nikazungusha ufunguo. Kijani akasema "tk", basi.

Mama hakushtuka. Alisema tangu matanga ya Baba gari limekuwa zito kuwaka, na kila linapotoka, iwe kanisani au kupeleka mahindi, husukumwa. Hata kabla hajamaliza, majirani watatu walikuwa wameshaweka vikombe vyao vya chai kwenye ua na kuja kushika nyuma, kila mtu mahali pake pa kawaida. Gari likawaka. Nilipitia langoni nikiona aibu kidogo, maana miaka mitatu mizima watu wanasukuma gari la nyumbani kwetu, nami sikujua.

Barabarani niliona mengine. Nikiweka indiketa, taa za dashibodi zinafifia na kuwaka pamoja nayo, kama mtu anayepepesa macho. Mshale wa mafuta ulikuwa unarukaruka. Honi haikulia kabisa. Nasimiyu alikuwa ameshika bahasha ya barua magotini kwa mikono miwili.

"Wekesa, hii gari itafika?"

"Itafika," nikasema. Mimi husema hivyo juu ya kila kitu.

Eldoret tuliingia kwa mafundi wa jua kali. Fundi mmoja mwenye bisibisi nyuma ya sikio alifungua boneti, akatazama betri ya enzi za Baba, akacheka. Hakupima kitu. Alisema betri imekufa na inasubiri tu kuzikwa. Tukaweka mpya. Gari likawaka, japo kwa kujivuta. Fundi akasema hiyo ni baridi ya Eldoret.

Eldoret hadi Moi's Bridge

Nilishika barabara ya Kitale nikijiona mtu wa maana. Mahindi yalikuwa yamevunwa na mashamba yamebaki mabua, na kila trekta lilikuwa barabarani. Karibu na Moi's Bridge tukakuta msururu wa malori yanayopeleka nafaka ghalani, yamejaza barabara pande zote mbili. Mimi foleni siiwezi. Nikazima gari, nikashuka kuuliza nani amekwama na kwa nini, nikajikuta nimejua habari za unyevu wa mahindi, namna mpimaji anavyotumbukiza mkuki wenye mfereji ndani ya gunia na kutoa punje za katikati, na jina la mke wa dereva wa lori la mbele. Nilirudi na mahindi mawili ya kuchoma. Foleni ikasogea. Kijani akasema "tk".

Betri mpya, sauti ileile.

Nyuma yetu honi zilianza. Wapakiaji wa magunia walishuka kutoka juu ya lori, vumbi la mahindi likiwa limewafanya weupe hadi kope, wakatusukuma hadi pembeni. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba hili si gari, hili ni gunia lenye matairi. Palikuwa na fundi wa matrekta karibu, mzee mnene asiyependa maneno. Alilala chini, akagonga stata, ile mota ya kuwashia injini, mara mbili kwa nyundo, akaniambia nijaribu. Likawaka. "Stata imechoka," akasema, na kwake kesi ikawa imekwisha.

Nilimwuliza kwa nini kugonga kunasaidia. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Lakini alinifungulia stata nikaona makaa yake, vijipande viwili vinavyopitisha umeme, vimeisha kweli. Akaweka mapya. Kazi ikachukua saa tatu na nusu. Nasimiyu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama simu, anatazama jua, anatazama simu. Nilimwambia kesho bado iko nzima.

Moi's Bridge hadi Makutano

Kitale gari lilizimika kwenye mzunguko. Nitafupisha, kwa sababu mnaweza kubashiri: fundi wa tatu alisema ni alteneta, ile inayochaji betri. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye aproni. Akaifungua, akabadilisha kifaa fulani ndani yake, akafunga. Tukala chapati na madondo, yaani maharagwe, tukiwa tumesimama. Kijani akawaka kwa shida, na indiketa ikaendelea kupepesa taa zote kama asubuhi.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuniwasha. Fundi wa betri aliona betri. Fundi wa stata aliona stata. Huyu wa alteneta aliona alteneta. Na hakuna aliyedanganya; kila kimoja kilikuwa kizee kweli. Lakini ni kama mgonjwa anayeumwa malaria, halafu watu wanamng'oa meno mabovu moja baada ya jingine. Nilitaka kurudi kumwambia yule kijana hivyo. Nasimiyu akasema nikirudi, ananiacha hapo hapo na kuendesha mwenyewe, ingawa hajui.

Tulifika Makutano ya Kapenguria jua likizama, tukalala hapo, maana sikuthubutu kuteremka milima usiku na taa zinazofifia. Mama mwenye hoteli alitutazama tulivyoingia: Nasimiyu na gauni lake zuri la kuripotia kazini, mimi nyuma yake na sanduku la bati, godoro juu ya gari. Akapiga kigelegele. Alituletea ugali na nyama ya mbuzi kuliko tulivyoagiza, na kibuyu cha maziwa ya mgando yenye rangi ya kijivu. Nilidhani yameingia uchafu wa moto, nikauliza polepole. Akasema ni majivu ya mti wanaouchagua makusudi, na bwana harusi wa kule tuendako akiyaonja atakuja kuuliza yametoka wapi. Yalikuwa matamu, yana moshi kwa mbali.

Nikajua anadhani nampeleka bibi harusi. Nasimiyu alikuwa amechoka mno kukana.

"Bwana ni mtu wa wapi?" mama akauliza.

"Nimeolewa na serikali, Mama. Mimi ni mwalimu."

Yule mama alifikiri kidogo. "Hata huyo si mbaya," akasema. "Anachelewa chakula, lakini hahami."

Nasimiyu alicheka mara ya kwanza tangu Turbo. Kisha akanitazama mimi, akaacha kucheka. Nilijua kwa nini. Katika familia yetu, wa kuhama anajulikana.

Makutano hadi Marich

Ijumaa saa kumi na mbili nilizungusha ufunguo mara sita, saba, nikitumaini tu. Mara nane. Mwishowe, kuelekea saa tatu, wauza miraa walipofika, wakatusukuma. Barabara ya kuteremkia Marich ni nzuri, lami imepinda milimani, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo starehe: kila kona inaficha kitu. Kila tulipozidi kuteremka hewa ilizidi kupata joto. Ortum watu walisimama pembeni na ndoo za maembe na chupa za asali, nami nilitaka kusimama kuuliza habari za mizinga. Nasimiyu alisema neno moja: "Endesha."

Karibu na daraja la Marich nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikainua mguu kwenye pedali ya mafuta, lakini injini haikupunguza. Ilizidi kunguruma peke yake. Nikakanyaga breki, nikazima ufunguo, gari likajikokota hadi mbele ya vibanda vichache vya biashara na kusimama. Ilikuwa saa nne na nusu. Kutoka hapo hadi shuleni kuna kama kilomita mia moja.

Nilifungua boneti. Ile kebo ya mafuta, waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye pampu, ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka na kuushika waya wa ndani. Nikamwambia Nasimiyu azungushe ufunguo nione. "Tk." Moshi kidogo ukatoka kwenye kebo ile ile. Nikaigusa. Iliniunguza vidole viwili, bado nina alama.

Nilisimama pale nikinyonya vidole. Kebo ya mafuta kazi yake ni kuvutwa tu. Haina uhusiano na umeme. Inapataje moto wakati stata inapoitwa?

Bila shaka nilisema hayo kwa sauti, kwa sababu mtu mmoja alinijibu. Kwenye baraza la kibanda alikuwa ameketi mwanamke wa umri wangu hivi, juu ya kreti ya mbao, na mkoba wa vifaa miguuni. Anaitwa Akiru. Hutengeneza pampu za visima zinazotumia jua, na siku hiyo alikuwa anangoja mwenzake waende Sigor.

"Kaka, gari mimi sijui," akasema. "Najua pampu. Lakini umeme ni umeme. Ukienda lazima urudi. Huu wako unarudi kupitia wapi?"

Nilimwonyesha betri. Waya mwekundu unakwenda kwenye stata. Waya mweusi umefungwa kwenye mwili wa gari.

"Sawa. Na injini inashikana na mwili wapi?"

Nikasema kwa bolti. Akasema angalia vizuri. Injini imekaa juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Akatoa mita yake ya kupimia umeme. Kwanza alipima betri: nzima kabisa. Halafu akaweka ncha moja kwenye kichwa cheusi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia Nasimiyu awashe. Namba iliruka hadi saba. Alinieleza taratibu, na namshukuru kwamba hakunifanya mjinga: kama kati ya sehemu zile mbili pangekuwa na njia nzuri, mita ingekaa karibu na sufuri. Saba maana yake njia ya kurudi haipo, na umeme unalazimisha kupita popote penye chuma chembamba.

"Unarudi kwa kebo ya mafuta," nikasema.

"Kama watu wakifungiwa lango," akasema Akiru. "Watapita hata kwa dirisha."

Nilikuwa na nyaya nene za kuchangia betri, zile za kuvuta umeme kutoka gari jingine. Nikabana ncha moja kwenye kichwa cheusi cha betri, nyingine kwenye injini. Nasimiyu akazungusha ufunguo, na Kijani akawaka mara moja, kwa nguvu ambayo sikuisikia tangu Baba akiwa hai. Akiru alinyoosha mikono kama mtu aliyefunga bao. Nikazima haraka kabla injini haijapaa tena, nikainama kutafuta mahali waya wa kurudi, ule mafundi wanaouita ethi, ulipotakiwa kufungwa.

Palikuwepo. Bolti moja kwenye injini, nyingine kwenye mwili wa gari, zote mbili zimekazwa vizuri na hazijashika kitu. Chini ya kila moja kulikuwa na alama safi ya duara, mahali pete ya shaba ilikaa miaka mingi.

Nikakumbuka ni nani aliyezifungua.

Ilikuwa wakati wa matanga ya Baba. Tulikuwa na spika za kanisa, na umeme tuliuvuta kutoka kwenye betri ya Kijani, kama inavyofanywa kwetu. Gari la marehemu hutoa hata sauti ya kumlilia. Waya mmoja wa spika ulikuwa mwembamba, ukaanza kutoa moshi katikati ya wimbo. Nilitafuta kitu kinene. Nikaona chini ya boneti ule ukanda wa shaba uliosukwa kama nywele, umeunganisha injini na mwili wa gari. Nikaufungua, nikakaza bolti zake zisipotee, nikaufunga kwenye spika, na wimbo ukaendelea. Watu walinisifu. Nikasema nitaurudisha asubuhi baada ya mazishi. Asubuhi baada ya mazishi nilikuwa kwenye lori la vitunguu, naelekea Naivasha.

Marich

Ningeweza kunyamaza. Akiru hakujua, na Nasimiyu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, bahasha kifuani. Lakini alikuwa ameniona nikitulia, na mimi situlii bure.

Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Siku ile uliondoka kabla ya chai," akasema. "Wageni bado walikuwepo. Sufuria za majirani zilikuwa hazijarudishwa. Mama aliuliza Wekesa yuko wapi, nikamwambia umeenda kuteka maji. Alikungoja na maji mpaka saa sita."

Nikafanya kazi. Nilikata kipande cha waya mnene wa kuchangia betri, Akiru akanipa pete mbili za shaba za kazi yake ya pampu, tukazipiga nyundo juu ya jiwe mpaka zikauma waya sawasawa. Nikakwangua kutu kwa kisu, nikafunga, nikakaza. Indiketa haikupepesa tena taa. Mambo matatu ya mafundi watatu yakawa jambo moja, na jambo hilo likawa mimi.

Kwa bahati mbaya kebo ya mafuta ilikuwa imekwisha. Nilipojaribu kuichomoa kwenye ganda lake ikakatika. Gari linawaka vizuri kabisa, na halina pedali. Ilikuwa karibu saa sita na nusu.

Mabasi ya Lodwar yalikuwa yamepita mapema. Lori la saruji likasimama kununua maji. Dereva alisema ana nafasi moja, ila yeye anaishia Kainuk; mbele ya hapo mtu ajitafutie. Nasimiyu akachukua bahasha yake na kuweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Akageuka.

"Hii gari itafika?"

"Sijui," nikasema. "Panda, dada. Mimi nitakuletea vitu."

Alikaa hivyo kitambo, mguu mmoja juu, mpaka dereva akauliza kama anapanda au anapiga picha.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia ukisema hujui," Nasimiyu akasema. Akashusha mguu, akamshukuru dereva. "Haya. Sasa niambie unachofikiria, kwa sababu naona unafikiria kitu."

Marich hadi shuleni

Nilikuwa nafikiria kamba ya katani iliyofunga godoro. Pampu ya dizeli ina mkono mdogo unaorudi wenyewe kwa springi. Ukiuvuta, injini inakaza, ukiuachia, inapunguza. Nikafunga kamba kwenye mkono ule, nikaipitisha penye mwanya wa boneti, nikaiingiza kwa dirisha la abiria. Usukani, gia na breki ni mimi. Mafuta ni Nasimiyu. Akiru alivuta kamba mara tatu kuhakikisha inarudi, akasema kwenye pampu zao hangeruhusu kitu kama hicho, akatupatia chupa ya asali. Sikupata hata nafasi ya kumwuliza habari za visima. Hiyo bado inaniuma.

Kilomita tano za kwanza tuligombana. Nikisema vuta anavuta kama anamnyonga mtu, nikisema legeza analegeza mara moja na gari linapiga magoti. Nikabadilisha gia bila kumwambia, injini ikalia.

"Sema kabla, si baada," akasema. "Hata darasani mtoto anaambiwa kabla."

Nikaanza kusema kabla. Nabadilisha, legeza. Sasa vuta. Tuta mbele, legeza polepole. Yeye akaacha kunitazama akawa anatazama barabara, na baada ya Kainuk sikuhitaji tena kusema kila kitu. Aliona mlima kabla yangu akavuta. Nchi ikawa tambarare na nyeupe kwa jua, miiba pande zote, upepo kama wa tanuri unaingia kwa madirisha. Mahali fulani mbuzi walijaza barabara. Honi haikulia, basi Nasimiyu akatoa kichwa nje na kuwakemea kwa sauti ya kusimamisha mstari wa asubuhi. Mchungaji alikuja dirishani, akaona kamba mkononi mwake, akaifuata kwa macho hadi kwenye boneti, akamwita mwenzake aje aone. Nadhani yule ndiye baba wa habari ya punda.

Lokichar tuliingia saa tisa na dakika ishirini. Tukauliza njia. Wa kwanza alituelekeza shule ya sekondari, tukaenda, tukarudi. Saa tisa na dakika arobaini na tano tukawa kwenye njia ya mchanga, gia ya pili, Nasimiyu amezungusha kamba kiganjani mara mbili na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Sikusema vuta. Tungezama kama angeachia, na alijua.

Mwalimu mkuu alikuwa kwenye mlango wa ofisi, kufuli mkononi. Ni mtu mrefu, mpole wa kusema. Alitazama gari, godoro lililoning'inia upande mmoja kwa kukosa kamba, na dada yangu akishuka kwa gauni lake zuri lililogeuka rangi ya vumbi. Akarudi ndani bila kuuliza na kufungua daftari. Nasimiyu alipotaka kuandika jina, kalamu ilimponyoka. Kiganja kilikuwa kimechubuka chote. Akaishika kwa mkono wa kushoto kuusaidia wa kulia, akaandika. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika kumi.

"Dereva wako ni huyu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni ndugu yangu," akasema Nasimiyu. "Tumeendesha wawili."

Kurudi Turbo

Kebo mpya ilitumwa na basi kutoka Kitale ikafika siku ya tatu. Siku hizo nilipachika mlango katika nyumba aliyopewa Nasimiyu, nikatengeneza meza, nikajifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kiturkana kutoka kwa watoto wa darasa la pili, ambao walinicheka kila nilipofika saba. Siku ya kuondoka Nasimiyu alinisindikiza hadi kwenye gari. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Akasema sawa, basi nenda.

Nilirudi peke yangu, na Kijani aliwaka kila nilipomwomba. Marich nilisimama kumtafuta Akiru. Wakasema amekwenda Sigor na hawajui atarudi lini. Makutano mama wa hoteli akauliza habari za bwana. Nikamwambia amempokea vizuri.

Nilipofika Turbo nilienda moja kwa moja kanisani, kwenye zile spika, kutafuta ukanda wa shaba. Haukuwepo. Nyumbani nikamwuliza Mama bila matumaini.

"Ule uliosukwa? Si ule pale unafunga banda la kuku," akasema. "Niliuokota kwa nyasi wiki ya matanga. Nikasema ni wa Wekesa huu, ameusahau, ataurudia."

Ulikuwa umegeuka kijani kama gari lenyewe, umezungushwa kwenye nguzo na mlango, na umeng'aa mahali pamoja tu, pale vidole vya Mama hushika kila asubuhi na jioni. Nilimwambia umetoka wapi na umefanya nini. Alisikiliza yote, akaguna kidogo, akasema tangu aufunge hapo kicheche hajaingia hata mara moja.

Nikamtengenezea mlango kitasa cha mbao kwanza. Halafu nikausugua ukanda kwa majivu na ndimu mpaka ukawa mwekundu, nikaurudisha kwenye bolti zake mbili. Nikazungusha ufunguo. Majirani walisikia gari likiwaka lenyewe, wakatoka na vikombe vyao mkononi, wakasimama kwenye ua bila kujua wafanye nini.

Mama alikuja akasimama karibu na dirisha la dereva.

"Unaondoka lini?"

Nilikuwa nimefikiria Lodwar, na mbele ya Lodwar, maana nasikia kuna ziwa. Nikamwambia gari bado lina shida moja, honi hailii.

"Basi usiitengeneze haraka," akasema, akaenda kuweka chai motoni.